Waridi Jeupe kwenye Karatasi Nyeupe

Kazi yangu ni kuchora mimea. Nikimwambia mtu hivyo kwa mara ya kwanza, huwa anangoja nimalizie, kana kwamba lazima kuna kazi nyingine nyuma yake. Hakuna. Wataalamu wa mimea kule Maseno huniletea kitu walichokitoa kinamasini au kichakani, nami nakichora kwa rangi za maji, kwa ukubwa wake halisi, mzizi, shina, jani, ua na mbegu, mpaka mtu ambaye hajawahi kukiona aweze kukitambua siku atakapokutana nacho. Nimechora mafunjo. Nimechora gugumaji mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka, na sijalipenda hata siku moja.

Baba yangu hakuielewa kazi hii, wala hakujisumbua kujifanya anaielewa. Alikuwa fundi wa injini kwenye feri inayovuka kutoka Luanda Kotieno kwenda Mbita, mtu wa chuma na grisi, na kwake kitu cha maana ni kile kinachonguruma ukikiwasha. Nilipompa habari kwamba nimepata kazi ya kuchora mimea, aliuliza swali moja tu.

"Kwani simu haina kamera?"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nina hasira za karibu, na jambo hilo nimelirithi kwa huyo huyo aliyeuliza. Nilimweleza kwamba kamera huona kila kitu kwa mkupuo na haichagui, kwamba mchoraji huweza kuonyesha mbele na nyuma ya jani kwenye ukurasa mmoja, na mambo mengine mengi niliyokuwa nimefundishwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kikombe chake cha chai juu ya mchoro wangu wa gugumaji uliokuwa mezani. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Hakuuona tu, kwa maana ya kwamba hakuwa ameutazama. Na katika miaka yote macho yake yalipokuwa mazima, sikumbuki hata mara moja ambapo alichukua kazi yangu mkononi na kuiangalia.

Mama alitoka Bunyore, ng'ambo ya Maseno, na Baba ni mtu wa Seme, kwa hiyo nyumbani kwetu karibu na Kombewa Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, hiki chetu cha huku chenye Kijaluo ndani yake. Alipokuja kuolewa, Mama alikuja na kijiti cha waridi alichokikata kwenye ua wa kanisa la kwao, amekifunga kitambaa chenye maji. Akakipanda chini ya dirisha la sebule. Lilikuwa waridi jeupe la aina ya zamani, lenye petali nyingi zilizolegea na manjano kidogo sana ndani kabisa, hata lisifanane na yale ya kubana yanayouzwa Kisumu yakiwa yamevishwa plastiki kwa ajili ya harusi na matanga. Harufu yake iliingia ndani asubuhi kabla ya harufu ya chai.

Kuna nyuki wa huku anayekata majani ya waridi kwa ajili ya kiota chake. Hukata nusu duara safi kwenye ukingo wa jani, utadhani ametumia mkasi. Mama alimchukia nyuki huyo kama watu wanavyomchukia jirani mwizi. Kila asubuhi, kabla hajawasha moto, alizunguka mti wake na kung'oa kwa kucha kila jani lililoliwa, hata kama limeguswa kidogo tu. Baba akipita na ndoo alimwambia, "Utamaliza huo mti." Naye Mama alimjibu bila kugeuka, "Na wewe utamaliza maneno." Nilikua nikiyasikia maneno hayo asubuhi baada ya asubuhi, mpaka nikadhani ndivyo watu waliooana wanavyosalimiana.

Mama alipofariki tulimzika bomani, upande wa kushoto wa nyumba kama ilivyo desturi, hatua chache kutoka kwenye waridi lake. Mti ulibaki. Nyuki alibaki pia, na hakukuwa na mtu wa kumfuata nyuma.

Macho ya Baba yalianza kuharibika bila yeye kumwambia mtu. Mke wa kaka yangu, wifi anayekaa naye pale bomani, ndiye aliyenipigia simu Kisumu. Aliniambia mzee anagonga mbuzi kwa magoti kisha anawatukana mbuzi. Tulimpeleka hospitali ya Kombewa. Daktari alimpima kwa muda mrefu, kisha akatueleza kwa upole kwamba ni presha ya macho, kwamba kilichopotea hakirudi, na kwamba dawa ya matone ingeshikilia kilichobaki kwa muda, lakini kilichobaki ni kidogo. Baba alimshukuru. Tulipofika nyumbani alisimama langoni.

"Naona kama mtu anachungulia kwa tundu ya kitasa," alisema. "Na hiyo tundu inaingia moshi."

Nilianza kwenda kwake kila nilipopata nafasi. Siku moja nilimkuta anapapasa sahani nyeupe akitafuta ugali ambao ulikuwa pale pale mbele ya vidole vyake, nikatoka nje nikalia nyuma ya jiko. Safari iliyofuata nilipitia soko la Kibuye, nikamnunulia sahani ya bati ya rangi ya kijani iliyokolea. Ugali ukaonekana. Hakusema asante, lakini nilimwona akimega moja kwa moja bila kupapasa, na hilo lilinitosha.

Baada ya chakula hicho ndipo aliponiambia alichotaka.

"Nyara," alisema, yaani binti yangu, neno ambalo hulitumia akiwa na shida tu, "nichoree ile maua ya mama yako."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamuuliza kwa nini asiende kuliangalia lenyewe, si lipo hapo dirishani. Akanieleza kwamba amejaribu. Akitoka nje, jua linayeyusha kila kitu kinakuwa weupe mtupu. Wifi akimkatia ua na kumletea ndani, linalegea kabla hajamaliza kulizunguka kwa kile kitundu chake. Alitaka kitu cha kushika karibu na uso, asubuhi akiwa na mgongo kwa dirisha, wakati macho yake yanapokuwa na nafuu, akitazame polepole, kipande kwa kipande, na kisinyauke.

"Kabla hii moshi haijafunga," alisema.

Nilirudi Kisumu nikiwa nimevimba kwa furaha na hofu pamoja. Baba yangu ameniomba mchoro. Nilitaka auone. Nitasema wazi, nilitaka hilo kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote katika kazi yangu, na nilijua kwamba nikichelewa hatauona kamwe, wala hataona kingine chochote nilichofanya.

Nilibeba karatasi yangu bora kabisa, ile nzito ya pamba ambayo huagizwa Nairobi, nikaenda kukaa nje ya dirisha la sebule asubuhi ua moja lilipofunguka vizuri. Waridi halingoji mtu. Unachora kwa penseli petali iliyoko kushoto, ukiinua macho imeshasogea, maana joto la huku kwetu hulifungua ua mbele ya macho yako. Kwa hiyo unaanza na ua, unafanya haraka bila kufanya papara, majani yanaweza kungoja. Nilipima kwa bikari. Nikaweka rangi.

Sasa, ua jeupe halichorwi kwa rangi nyeupe. Weupe ni karatasi yenyewe. Unachochora ni kivuli, kijivu chepesi cha buluu na kahawia, manjano ya kudokeza tu pale ndani, na petali iliyoguswa na jua unaiacha kabisa, huigusi. Na kwa desturi ya kazi yetu mmea husimama peke yake kwenye karatasi tupu. Hakuna ukuta nyuma yake, hakuna udongo, hakuna anga. Pia tunarekebisha. Jani lililoliwa na mdudu tunalikamilisha, kwa sababu tunachora jinsi mmea wa aina hiyo ulivyo, si ajali zilizoupata. Nilifuata yote hayo. Lilikuwa waridi bora kuliko yote niliyowahi kuchora, na wale wakubwa wangu wa Maseno, ambao husifu kwa shida, wasingepata pa kulikosoa.

Niliupeleka mchoro ukiwa ndani ya jalada gumu ili usikunjike. Baba alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake, mgongo kwa dirisha, amenyoa. Alipangusa mikono kwenye suruali, mbele na nyuma, kama alivyokuwa akifanya zamani akitoka kwenye injini. Hakunipa nafasi ya kumtolea. Alilifungua jalada mwenyewe, akaitoa karatasi na kuishika kwa mikono miwili karibu kabisa na uso.

Alikuwa ameshika upande wa nyuma.

Niliona waridi langu likinitazama mimi, na yeye akitazama karatasi tupu. Aliisogeza polepole kutoka kushoto kwenda kulia, kisha akashuka chini kidogo na kuanza tena, kama mtu anayesoma. Alikwenda hivyo mpaka mwisho. Wifi, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikapu cha omena, dagaa wa ziwani, alifungua mdomo aseme. Nilimwonyesha kwa mkono anyamaze.

"Ber," alisema Baba. Nzuri. Kisha akaongeza kwamba ni nzuri sana, "Ber ahinya. Umefanya kazi, nyara. Mama yako angefurahi."

"Asante, Baba."

"Ni kubwa kama ile yenyewe?"

"Ndiyo, Baba. Iko sawa sawa."

Alinirudishia kwa uangalifu mkubwa, akinionya nisiichafue.

Nilitoka nje nikaenda kusimama karibu na kaburi la Mama. Niliumia. Maneno yale niliyangoja tangu siku ya kikombe cha chai, na yalipokuja yalisemwa kwa karatasi tupu, na mzee aliyeogopa kunivunja moyo. Ningependa alitukane lile waridi kuliko kulisifu hivyo. Nilimkasirikia kwa kunidanganya, kisha nikajikasirikia kwa kumkasirikia kipofu, kisha nikalia kwa sababu ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitumia neno hilo kwake, hata kama ni kimoyomoyo.

Wifi alinifuata. Nilimwonyesha mchoro upande wake wa kweli, nikamwambia kwamba labda nikiuingiza mikononi mwake ukiwa umegeuzwa vizuri ataona. Alirudi nyuma hatua kadhaa akautazama akiwa amekunja uso.

"Wifi, usikasirike," alisema. "Hata mimi nikikaa hapa naona tu majani. Hiyo maua yenyewe sioni."

Nikataka kumjibu vibaya. Kisha akaniita ndani tukale, akapakua ugali wa Baba kwenye ile sahani ya kijani, nami nikabaki nimeduwaa na kijiko mkononi. Sahani hiyo niliinunua mimi. Nilitembea Kibuye nzima nikitafuta bati lenye rangi iliyokolea ili mzee auone ugali mweupe, kisha huyo huyo mimi nikakaa kwa utaalamu wangu wote na kumchorea ua jeupe kwenye karatasi nyeupe. Nilicheka peke yangu. Baba akauliza kuna nini, nikamwambia omena ina chumvi.

Kwenye mti kulikuwa kumebaki tumba moja lililokuwa linakaribia kufunguka, na mawingu upande wa ziwa yalikuwa meusi kila alasiri. Sikurudi Kisumu. Niliomba ruhusa Maseno kwa simu, nikangoja, na tumba lilipofunguka nilikuwa nimeshakaa pale na maji kwenye mkebe.

Safari hii nilianza kwa kuvunja lile sharti ambalo sikuwahi kulivunja. Nilichanganya buluu nzito na kahawia ya kuungua na kijani, nikapata giza linalofanana na ndani ya kichaka, nikajiandaa kulijaza nyuma ya ua lote. Rangi ya maji haina huruma. Giza likivuka mstari na kuingia kwenye petali, weupe huo haurudi, huwezi kuusugua wala kuuomba radhi. Niliinamisha ubao, nikalisukuma lile giza taratibu kwa ncha ya brashi, petali baada ya petali, nikishika pumzi kila linapokaribia ukingo. Ua likaanza kutoka. Lilitoka kwenye karatasi kama taa iliyowashwa chumbani.

Majani niliyachora kwa kijani cha mwanga ili yaonekane kwenye giza. Na hapo nilivunja sharti la pili. Nilifika kwenye jani moja la chini, kushoto, lililokatwa na nyuki pande mbili. Mkono wangu kwa mazoea ulitaka kulikamilisha. Lakini Baba hakuniomba mmea wa aina hiyo. Aliniomba ule wa Mama, uliokuwa umesimama pale dirishani tangu Mama aondoke bila mtu wa kuutunza. Nikaliacha jani kama lilivyo. Mahali pa kinywa cha nyuki pakajaa giza. Juu yake kulikuwa na lingine, nalo nikaliacha hivyo hivyo. Mvua ilianza nikiwa naondoa ubao, na usiku huo ua lile lote lilipukutika.

Asubuhi Baba alikaa kwenye kiti chake kwa adabu, mgongo kwa dirisha. Nilijua anakaa kwa ajili yangu. Alikuwa ameshaniambia ni nzuri, na sasa nimemletea nyingine, kwa hiyo alikuwa tayari kusema tena ni nzuri. Safari hii nilimwekea karatasi mikononi mimi mwenyewe, uso juu.

Aliinua. Akaanza kusogeza kushoto kwenda kulia kama siku ile, kisha mikono yake ikasimama.

Alikaa hapo muda mrefu bila kusogea. Kidole chake gumba kilipanda juu ya karatasi, kikasimama karibu na petali bila kuigusa, kikafuata ukingo wake hewani. Kikaenda kwenye petali inayofuata. Wifi alikuwa ameacha kuchambua mboga. Baba alizunguka ua lote hivyo, akaingia katikati kwenye yale manjano, akatoka, akashuka kwenye shina, akahesabu miiba kwa midomo. Kisha akafika chini kushoto, na uso wake ukakunjika.

"Hii ni nini?"

"Wapi, Baba?"

"Hapa. Hii jani imeliwa."

"Ndiyo, Baba. Ilikatwa na nyuki."

"Najua ni nyuki! Wewe umeiona?"

"Niliiona."

"Umeiona na ukaiacha?" Alikuwa amekasirika kweli, sauti yake ile ya kwenye feri. "Mama yako angekuwa hapa, hii jani ingekuwa kwa mti? Na hii ingine juu yake! Mnakaa hapa mnaangalia tu mti wa mtu inaliwa!"

Machozi yalikuwa yameshanifika mdomoni. Wifi alijifunika uso kwa leso, na sijui alikuwa analia au anacheka. Baba aliendelea kutugombeza wote wawili. Alimtuma wifi atoke wakati huo huo akatoe majani yote mabaya, kwa kucha, si kwa kisu, kama alivyokuwa akifanya Mama. Kisha akarudi kwenye karatasi na kuendelea kuitazama mpaka nuru ya asubuhi ikawa kali na macho yake yakachoka.

Hakusema ber. Hajasema mpaka leo.

Mchoro wa kwanza uko kwenye droo yangu Kisumu. Wa pili uko ukutani pale sebuleni, usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa, kwa sababu ndivyo alivyotaka. Kwa miezi kadhaa aliuteremsha kila asubuhi na kuuzunguka kwa kile kitundu. Baadaye wifi aliniambia anauteremsha, anaushika, lakini hausogezi tena. Mvua za masika zilipokwisha, alikuwa hatofautishi dirisha na ukuta.

Wageni wakija, watu wa kanisa au mafundi wenzake wa zamani, huusifu mchoro ule kwa adabu, wakisema waridi zuri, limekaa kama la kweli. Baba huwangoja wamalize, macho yake yameelekea mahali ambapo hakuna kitu.

"Hiyo maua iacheni," huwaambia. "Angalieni chini, upande wa kushoto. Kuna jani imeliwa na nyuki. Msichana alitaka kunificha. Nikaiona mimi mwenyewe."